Kufufua Honda CB750 iliyolala bandani miaka mingi

Pikipiki ikilala bandani miaka 20, injini si ya kwanza kufa. Hutangulia mipira, petroli na viunganishi vya umeme. Oringi hukakamaa kama plastiki, petroli hugeuka gundi ndani ya kabureta, na shaba ya waya huota ukungu wa kijani. Injini yenyewe, kama ilizimwa ikiwa nzima na maji hayakuingia, mara nyingi bado ina uhai. Ndiyo maana utaratibu wa hapa ni mmoja: injini haifunguliwi mpaka yenyewe itoe sababu ya kufunguliwa. Kwa CB750 hilo lina uzito wake hasa, kwa kuwa silinda hedi (kichwa cha injini, juu ya silinda) haitoki injini ikiwa ndani ya fremu. Ukitaka kuigusa hedi, ujue unashusha mzigo wa karibu kilo 80.

Maelezo haya ni ya CB750 Four ya kamu moja (shafti moja ya kufungulia valvu), kuanzia ile ya 1969 hadi K6 ya 1976: silinda 4 zilizopangwa kwa upana, sentimita za ujazo 736, breki ya diski mbele. K7 na K8 zilizofuata zinafanana nazo kwa mengi, lakini kabureta zake ni za namna nyingine, basi vipimo vya kabureta vya hapa usivipeleke huko.

Kabla hujalipa

Soma namba ya fremu kwenye shingo ya usukani na namba ya injini kwenye kreki kesi (gamba la chini la injini), uzilinganishe na kadi ya usajili. Namba hizo mbili hazikufanana tangu kiwandani, kwa hiyo tofauti kati yao peke yake si dalili ya wizi. Kisha toa kifuniko cha sproketi ya mbele, upande wa kushoto, uchungulie nyuma yake kwa tochi. Pikipiki hizi, hasa za miaka ya mwanzo, zilisifika kwa kukata cheni, na cheni iliyokatika hujikunja pale na kutoboa kreki kesi. Ukiona ufa, gundi ya chuma au alama ya kuchomelea, bei ishuke sana au uiache.

Kromu iliyochakaa isikutishe. Ila hesabu vitu vidogo: mifuniko ya pembeni, taa, dashibodi, ekzosi nne za asili. Injini ina vipuri vingi sokoni mpaka leo, lakini kifuniko cha pembeni chenye nembo yake kinaweza kukusumbua kuliko pistoni.

Zana, na skrubu zinazoharibika

Skrubu za nyota za Kijapani hazikuchongwa kama za Ulaya na Marekani. Bisibisi ya nyota ya kawaida haikai hadi chini. Inapanda, inakwangua, na kichwa kinaisha. Tafuta bisibisi yenye kipimo cha JIS (viwango vya Kijapani), namba 2 na namba 3. Kwa skrubu za mifuniko ya injini tumia bisibisi ya kupigwa nyundo, ile inayojizungusha kila ukipiga. Siku moja kabla pulizia mafuta ya kulegeza kutu. Wakati wa kurudisha, wengi huweka bolti za alenikii badala ya zile skrubu. Ni uamuzi mzuri, ila usizikaze kwa hasira: uzi wa milimita 6 ndani ya aluminiamu hautaki zaidi ya Nm 10 (kipimo cha nguvu ya kukaza).

Mengineyo ni ya kawaida: spana na soketi za milimita 8 hadi 23, fila geji (bapa nyembamba za kupimia mwanya) inayoanzia milimita 0.05, mita ya umeme, kipima kompresheni, na spana ya torki. Piga picha kila hatua, na kila bolti iende kwenye mfuko wake wenye maandishi.

Zungusha kwa mkono kwanza

Usibonyeze stata. Toa plagi zote nne, mwagia kila silinda oili kama mililita 5, uache walau usiku mzima. Kesho yake fungua kifuniko kidogo cha duara upande wa kulia, kinachofunika platini (swichi ndogo zinazokata umeme wa koili ili plagi zitoe cheche). Katikati kuna bolti ndogo ya kichwa cha milimita 10, na nyuma yake sehemu ya pembe sita ya milimita 23. Zungusha kwa ile ya 23, kuelekea saa inavyokwenda. Ile bolti ndogo ni nyembamba. Ukiing'ang'aniza inakatika ndani ya krankshafti.

Ikigoma, usilazimishe. Ongeza oili, subiri siku kadhaa, jaribu tena nyuma na mbele kidogokidogo. Ringi zilizoshikwa na kutu nyepesi huachia kwa subira. Isipoachia baada ya wiki mbili, hapo sasa injini imetoa sababu ya kushushwa.

Ikizunguka, mwaga oili. Injini hii haibebi oili yake yote chini. Ina tangi la pembeni, na pikipiki ikikaa muda mrefu oili huchuruzika kutoka tangini hadi kwenye kreki kesi. Kwa hiyo mwaga sehemu zote mbili, tangini na chini ya injini. Usione kipimo cha tangi kikavu ukaongeza oili bila kumwaga: utaijaza injini kupita kiasi, na oili itatafuta njia kwenye sili.

Filta iko mbele, chini ya ekzosi, imeshikwa na bolti moja ndefu yenye kichwa cha milimita 12. Kichwa hicho ndicho kilio cha kila mwenye CB750, kwa sababu ni kidogo kwa kazi yake na huisha pembe. Tumia soketi ya pembe sita, isiwe ya kumi na mbili, uipige nyundo ikae vizuri kabla ya kulegeza. Ukirudisha, oringi mpya, springi na washa yake ndani ya filta visisahaulike, na usipite Nm 30. Oili mpya ni lita 3.5, 10W-40 au 20W-50, yenye alama ya JASO MA (kiwango cha oili ya pikipiki). Klachi inaogelea katika oili hiyohiyo, na oili nyingi za magari za kubana matumizi ya mafuta huifanya iteleze.

Plagi zikiwa bado nje na betri nzuri imefungwa, sasa bonyeza stata kwa vipande vya sekunde 5 hadi taa ya oili izime. Kisha pima kompresheni, kabureta zikiwa zimefunguliwa kabisa au zimetolewa. Injini nzima hutoa karibu psi 170. Iliyolala haitafika huko, kwani kuta zake ni kavu na valvu zina kutu ya juujuu. Kinachotazamwa ni ulinganifu. Silinda tatu zikisoma 130 na moja 60, mwagia hiyo moja oili kidogo upime tena: ikipanda, ni ringi, isipopanda, ni valvu. Hata hivyo usihukumu bado. Vipimo vya kweli ni vya baada ya injini kutembea na kupata moto mara kadhaa.

Tangi

Kutu ya tangi ikiingia kwenye kabureta ulizosafisha, kazi yote inarudi mwanzo, kwa hiyo tangi hutangulia. Toa koki, ziba tundu zake, weka kokoto kali au kipande cha cheni, utikise uondoe magamba. Jaza maji ya uvuguvugu yenye asidi ya sitriki hadi mdomoni, kwa kadiri ya gramu 50 kwa lita. Tangi hili hunywa kati ya lita 17 na 19 kulingana na mwaka, basi kilo moja inatosha. Liache saa 24, chungulia, ukihitaji ongeza siku nyingine. Usivuke hapo, asidi itaanza kula chuma chenyewe na rangi pembezoni mwa mdomo.

Ukishamwaga, suuza kwa maji yenye magadi ya kuokea, kisha maji safi, kisha likaushe haraka kwa hewa ya moto. Chuma kilichosafishwa huota kutu upya ndani ya saa moja, ndiyo maana mara kikikauka unamwagia kikombe cha petroli iliyochanganywa na oili na kulizungusha tangi pande zote. Rangi za kupaka ndani ziwe za mwisho kabisa, kwa tangi lenye matundu tu. Zikibanduka baadaye huziba koki na jeti, na kuzitoa ni taabu.

Kabureta

Hapa ndipo pikipiki nyingi zilizofufuliwa hushindwa. Mtu anapulizia dawa nje, anafungua vikombe vya chini, anafuta, anarudisha, halafu analalamika kuwa injini inakubali choki tu au inatembea kwa silinda mbili.

Kabureta ni nne, Keihin za milimita 28. Zitoe zote pamoja zikiwa kwenye ubao wake, na usizitenganishe bila sababu. Fungua moja, imalize, ndipo uende nyingine, vipuri visichanganyike. Jeti za asili za shaba zitunze hata kama umenunua kiti (seti ya vipuri vya kabureta) mpya. Jeti nyingi za kiti za bei rahisi zina matundu yasiyo sawa na namba iliyoandikwa juu yake. Oringi na gaskiti za kiti tumia, shaba rudisha ya kwako.

Adui mkubwa ni jeti ya sailensa (inayolisha injini inapounguruma polepole bila kuvutwa gesi), namba 40, ambayo tundu lake ni sehemu ya milimita tu. Loweka, pitisha waya mwembamba zaidi wa gitaa, piga hewa, kisha uiinue juani. Uone duara kamili la mwanga. Ukiona nusu mwezi, haijasafika. Usitoboe kwa sindano wala kekee. Halafu kuna vitundu vidogo ndani ya koo la kabureta, karibu na mahali pistoni ya kabureta (kizibo kinachopanda ukivuta gesi) inapofunga. Pulizia dawa kupitia tundu la jeti ya sailensa na uone mshale wa dawa ukitokea kwenye vitundu hivyo. Usipotokea, njia ya ndani bado imeziba, hata kama jeti inang'aa.

Boya ni milimita 26, kutoka uso wa gaskiti hadi ukingo wa mbali wa boya. Inamisha kabureta mpaka ulimi wa boya uguse sindano bila kuikandamiza springi yake, upime hapo. Kurekebisha ni kupinda ule ulimi kidogo. Kabureta ikiendelea kumwaga petroli wakati boya ni sahihi na sindano mpya, tazama kibomba cha shaba kilichosimama ndani ya kikombe. Hupasuka kwa ufa mwembamba usioonekana kirahisi, petroli ikashuka humo hadi chini. Jaza kikombe petroli ukiweke juu ya karatasi dakika 10. Karatasi ikilowa, kibomba kinahitaji kulehemiwa kwa risasi.

Skrubu ya hewa ifunge taratibu hadi ikae, ifungue mzunguko mmoja. Kwa kabureta hizi, kuifunga ni kuongeza utajiri wa petroli, kuifungua ni kupunguza, maana inapima hewa, si petroli. Kabla ya kurudisha, weka kipande cha waya au kekee ya milimita 3 chini ya kila pistoni ya kabureta, urekebishe zote zifungue sawa. Hiyo ni hatua ya kuanzia. Ulinganisho halisi utafanywa kwa geji nne za vakyumu injini ikiwa ya moto, tofauti isizidi sentimita 3 za zebaki.

Mipira inayounganisha kabureta na hedi nunua mipya. Iliyokakamaa huingiza hewa ya wizi, na hewa hiyo hufanana kabisa na ugonjwa wa kabureta: sailensa inapanda yenyewe, inachelewa kushuka. Na boksi la asili la filta lirudi mahali pake. Filta nne za kuchomeka zinapendeza machoni, ila zinavuruga mpangilio wote wa jeti.

Umeme

Waya za Honda zina lugha yake: nyekundu inatoka betri, nyeusi ina moto ufunguo ukiwashwa, kijani ni ardhi. Fungua taa ya mbele, humo ndani ndimo kuna kiota cha viunganishi. Vitenganishe kimoja kimoja, safisha kwa dawa ya umeme na brashi ndogo, bana vile vya kike vilivyolegea, paka grisi ya umeme. Ardhi ya betri kwenye fremu ipigwe msasa hadi chuma.

Kipimo kinachosema mengi ni hiki: ufunguo ukiwa umewashwa, pima volti za betri, halafu pima waya mweusi unaofika kwenye koili. Tofauti ikizidi nusu volti, umeme unapotea njiani, kwa kawaida kwenye kiswichi cha ufunguo, kiswichi cha kuzimia au kibanio cha fyuzi kilichoungua. Cheche dhaifu nyingi zinazolaumiwa koili zinatoka hapo. Fyuzi kuu ni ampea 15. Ikiungua tafuta waya uliochubuka, usiweke ya 30.

Chaja ya pikipiki hii haina sumaku ya kudumu. Inahitaji umeme wa betri ili ianze kuzalisha. Betri iliyokufa kabisa haifufuliwi kwa kupiga kiki. Na kwenye sailensa taa ikiwaka, volti zikishuka ni kawaida. Pima injini ikiwa kwenye mizunguko 5000 kwa dakika: uone kati ya 13.8 na 14.5.

Plagi ni NGK D8EA, mwanya milimita 0.6 hadi 0.7. Hii ni ileile inayowekwa kwenye bodaboda nyingi za 125 na 150, kwa hiyo haina haja ya kuagizwa. Jihadhari na za bandia tu.

Tapeti, cheni ya kamu, platini

Vyote vinafanywa injini ikiwa baridi, yaani iliyolala usiku, na kwa mpangilio huu. Silinda zinahesabiwa kutoka kushoto ukiwa umekaa. Zungusha hadi alama T ya 1.4 (yaani ya silinda 1 na 4) ilingane na alama ya kudumu. Tikisa tapeti (skrubu za kurekebisha mwanya wa valvu) za silinda 1: zikicheza zote mbili, iko kwenye kompresheni. Weka mwanya wa milimita 0.05 kwa valvu ya kuingiza, iliyo upande wa kabureta, na 0.08 ya kutoa, upande wa ekzosi. Zungusha duara zima, ufanye silinda 4. Kisha alama 2.3 kwa silinda 2 na 3 kwa njia hiyohiyo. Ukikaza nati tapeti hujibana kidogo, kwa hiyo pima tena baada ya kukaza. Zinazopiga kelele ndogo zina afya kuliko zilizobana; valvu iliyobana haikai kitini, na huungua.

Kwa cheni ya kamu, rudi silinda 1 kwenye kompresheni, pitisha alama ya T kwa nyuzi kama 15, legeza nati ya tenshena (kikaza cheni) nyuma ya silinda, springi ijisukume yenyewe, kaza. Tenshena iliyokwama kwa uchafu haitasogea, na cheni itaendelea kulia hata baada ya kulegeza. Ipulizie dawa ya kutu, igonge kidogo, rudia.

Platini fungua milimita 0.3 hadi 0.4. Unganisha taa ndogo ya volti 12 kati ya waya wa platini za 1 na 4 na ardhi, washa ufunguo, zungusha polepole hadi alama F (ya cheche) ya 1.4. Taa iwake hapohapo. Isipowaka hapo, zungusha bamba lote kubwa. Baada ya hapo fanya 2 na 3, ukisogeza bamba lake dogo pekee. Ukigusa kubwa tena umeiharibu ya kwanza.

Breki

Hapa usibane pesa. Mpira wa breki wa umri huo utupwe, hata kama unaonekana mzima, kwa kuwa huvimba ndani na kuizuia breki isiachie. Pistoni ya kalipa (kibanio cha pedi kwenye diski) ikikwama, isukume kwa bomba la grisi lililofungwa kwenye tundu la mpira, halafu safisha grisi yote. Kwangua kwa uangalifu mfereji wa sili: chumvi nyeupe iliyojikusanya chini yake ndiyo inayoibana sili na pistoni. Kwenye masta silinda kuna tundu mbili chini ya chombo, moja ni dogo mno. Hilo likiziba breki hushika na kuendelea kushika mpaka diski inawaka moto. Mafuta ni DOT 3 au DOT 4. Kalipa yenyewe hukaa kwenye bawaba yake; ikikauka, pedi moja tu itaisha.

Viatu vya nyuma vya zamani huweza kuwa na asbesto. Usipige hewa vumbi lake. Futa kwa kitambaa kilicholowa, ukivaa barakoa.

Matairi ni 3.25-19 mbele na 4.00-18 nyuma. Yenye msimbo wa tarehe wa tarakimu tatu yalitengenezwa kabla ya 2000, yatoe bila kujadili. Bushi za mkono wa nyuma, beringi za usukani na sili za shoku za mbele zibadilishwe katika zamu hiyo hiyo, rimu zikiwa zimeshatolewa.

Kuiwasha

Toa pikipiki nje, mtungi wa kuzimia moto karibu. Choki, kiki au stata. Ikishika, macho yaende kwenye taa ya oili: izime ndani ya sekunde chache, la sivyo zima. Fungua mfuniko wa tangi la oili uchungulie. Ndani ya dakika moja uone oili ikirudi. Hii ni injini ya kupozwa kwa hewa, kwa hiyo isisimame ikiunguruma zaidi ya dakika mbili tatu bila feni kubwa mbele yake.

Nyunyizia kila bomba la ekzosi tone la maji. Lisilochemka ndilo la silinda iliyokufa. Badilisha plagi na kofia yake kutoka silinda nyingine. Ugonjwa ukihama, ni umeme, ukibaki, rudi kwenye jeti ya sailensa ya kabureta hiyo.

Oili itavuja mahali. Safisha injini, paka unga wa talki, itembee dakika 10, utazame unga ulipolowa. Sili ya shafti ya gia, oringi za mifuniko ya tapeti na sili ya kebo ya mizunguko hubadilishwa injini ikiwa ndani ya fremu. Ikitoka kati ya hedi na silinda, na ni jasho tu lisilodondoka, iendeshe msimu mzima kwanza. Mara nyingine hupungua gaskiti zikipata moto tena. Ikidondoka juu ya ekzosi, ishushe.

Baada ya kilomita 300 mwaga oili pamoja na filta, uifungue filta utazame mikunjo yake: vumbi la kijivu ni kawaida, vipande vya chuma sivyo. Pima tapeti upya, linganisha kabureta kwa geji, na urudie ile kompresheni.